Tuokote karatasi badala ya kufanya kampeni? Swali kuhusu viti vya bunge la kaunti

Mkazi wa Bahati (Nakuru) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Nina swali lililonikaa kichwani tangu mwezi uliopita, na ningependa lijibiwe na watu walio tayari kulifikiria kabla ya kulicheka.

Mtaani kwetu barabara moja ndogo ilikuwa ikimwagwa kifusi, na mkandarasi alihitaji vibarua 20. Waliofika kwenye baraza la chifu walikuwa zaidi ya mia. Mzee wa mtaa akakata karatasi, akaandika NDIYO kwenye 20 na kuziacha nyingine tupu, akazikunja zote sawasawa, akazitia kwenye karai la plastiki, kisha akamwita msichana wa shule aliyekuwa akipita na dumu la maji aje azikoroge. Kila mmoja akaokota yake. Waliokosa waliguna, wakaenda zao. Hakuna aliyesema kwamba mtoto wa fulani amependelewa, hakuna aliyeuliza jina la ukoo la mtu, na jua lilikuwa halijafika utosini kazi ilipokwisha. Nikirudi nyumbani nikawa najiuliza: ikiwa tunaliamini karai litugawie riziki ya mwezi mzima, kwa nini tusiliamini litugawie viti vya bunge la kaunti?

Najua wazo hili si geni. Katika Athens ya kale, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, baraza la watu 500 lililoandaa shughuli za mkutano wa wananchi lilijazwa kwa kura ya kuokota, watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila kumi, na mtu hakuruhusiwa kuhudumu zaidi ya mara mbili maishani mwake. (Makabila hayo, kwa faida ya Wakenya wenzangu, hayakuwa ya damu. Mwanamageuzi wao Cleisthenes aliyaunda upya kwa kuwachanganya watu wa pwani, wa mjini na wa bara, ili asiwepo mtu wa kudai kwamba kabila lake ni la bonde fulani.) Mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba kugawa vyeo kwa kura ya kuokota huhesabiwa kuwa desturi ya demokrasia, ilhali kuchagua huhesabiwa kuwa desturi ya utawala wa wachache.

Ukiangalia kwetu, ni vigumu kumbishia. Kabla jina la mtu halijachapishwa kwenye karatasi ya kura, sharti apate tiketi ya chama kinachopendwa katika eneo lake, na pale wananchi wanapohimizwa wapige kura ya suti, yaani chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, uchaguzi wenyewe huwa umekwisha kwenye mchujo. Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa mwaka 2013, lakini mipaka ya matumizi haikutumika mwaka 2017 wala 2022. Katika maeneobunge 290, wanawake waliochaguliwa mwaka 2013 walikuwa 16, na mwaka 2017 walikuwa 23. Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, na Bunge halikuvunjwa. Ukiokota kwa haki majina 60, tuseme ya bunge zima la kaunti, kutoka kwa umma ambao nusu yake ni wanawake, uwezekano wa kupata wanawake chini ya theluthi moja haufiki hata mara moja katika mia. Karai lingetimiza bila sheria yoyote jambo ambalo Bunge limeshindwa kulitungia sheria.

Swali langu, basi: ni kitu gani hasa uchaguzi unatupa ambacho karai haliwezi kutupa?

---

Mwalimu wa Lugha (Kakamega):

Ndugu wa Bahati, jina lako limelifaa swali lako. Unauliza kwa nini tusiokote badala ya kupiga kura, nami nakukumbusha kwamba kupiga kura ndiko kuokota. Neno kura tumelipata kutoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni hiyo hiyo ya karatasi au kijiti kinachotupwa ili bahati iamue. Mabaharia walipiga kura kumjua aliyewaletea dhoruba, ikamwangukia Yona. Askari walilipigia kura vazi la Yesu. Na hakuna hata mmoja wao aliyesimama jukwaani kujinadi. Uchaguzi wa kisasa ulipokuja ulilikuta neno lipo, ukahamia ndani yake kama mpangaji anayeacha jina la mwenye nyumba mlangoni.

Hata hivyo, tazama Matendo ya Mitume, sura ya 1, pale nafasi ya Yuda ilipojazwa. Mitume hawakuwatia waumini wote kwenye chungu kimoja. Waliweka sharti kwamba anayefaa ni yule aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, wakawasimamisha wawili waliolitimiza, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya, ndipo wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Sina ugomvi na kura inayokuja baada ya sifa. Ninao na ile inayotangulia.

Niliwahi kuijaribu darasani. Kwa muhula mmoja viranja wangu waliokotwa kila wiki mbili. Mvulana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kabisa alinirudishia orodha ya wapiga kelele ikiwa tupu kwa wiki zote mbili, akaniambia kwamba yeye hakusikia kelele yoyote. Mpaka leo sijaamua kama alikuwa kiranja mbaya kuliko wote niliowahi kuwa nao au mzuri kuliko wote.

---

Karani Mstaafu (Kisumu):

Nimetumikia ofisi za umma miaka mingi, mingine mahakamani na mingine karibu na meza za bajeti, kwa hiyo nitawasemea wale ambao ndugu yetu hakuwataja kabisa: makarani.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kuwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katika miezi hiyo miwili mwakilishi hukabidhiwa kitabu kinene chenye safu juu ya safu za tarakimu, na aliye mgeni huuliza swali moja tu, kwamba wadi yake imepata nini. Yule aliyekaa muhula mmoja au miwili hujifunza kuuliza la pili: fedha za mradi huu za mwaka jana zilikwenda wapi, na kwa nini mradi umebadilishwa jina? Hilo la pili ndilo swali lililokuwa likitutoa jasho. Mkiniletea watu 60 wapya kila mwaka, waungwana wasiodaiwa fadhila na mtu yeyote, nitawapokea kwa chai na mandazi, nitawaeleza kila safu kwa upole, na ifikapo Juni watapitisha nilichokiandika mimi. Mtakuwa mmeung'oa utawala wa wanasiasa na kupanda utawala wa makarani, watu ambao hawajawahi kupigiwa kura ya aina yoyote, iwe ya karai au ya sanduku.

Kisha kuna hofu. Mwakilishi aliyechaguliwa, hata akiwa mwizi wa mchana, ana siku moja katika kila miaka mitano ambayo magoti yake hugongana. Aliyeokotwa hana siku hiyo. Waathene waliliona tatizo hili, ndiyo maana aliyeokotwa alihojiwa kabla ya kuingia kazini, na alipomaliza zamu yake alitoa hesabu mbele ya wakaguzi. Waliona pia kwamba kuna kazi ambazo karai halizifai: majemadari wao kumi walichaguliwa kwa kuinuliwa mikono, na waliweza kuchaguliwa tena na tena, kama alivyochaguliwa kiongozi wao mashuhuri Pericles. Na kwa kuwa ndugu yetu amesifu idadi ya wanawake, asisahau kwamba huko Athens majina ya wanawake, ya watumwa na ya wakazi wageni hayakutiwa humo kamwe.

Mtaniambia kuhusu Ayalandi. Naam, kati ya 2016 na 2018 wananchi 99 waliookotwa waliketi chini ya uenyekiti wa Jaji Mary Laffoy, wakasikiliza wataalamu wa pande zote kuhusu utoaji mimba, suala ambalo wanasiasa wa huko walikuwa wakilikwepa kwa miaka mingi, wakapendekeza katiba ibadilishwe. Lakini aliyeamua ni taifa zima, kwenye kura ya maamuzi ya tarehe 25 Mei 2018, kwa asilimia 66.4. Huko British Columbia, Kanada, watu 160 walioteuliwa kwa njia hiyo mwaka 2004 walipendekeza mfumo mpya wa uchaguzi. Mwaka uliofuata ukaungwa mkono na asilimia 57.7 ya wapiga kura, ukaanguka kwa sababu kiwango kilichowekwa kilikuwa asilimia 60. Ufaransa, watu 150 walitoa mapendekezo 149 kuhusu tabianchi baada ya rais kuahidi kuyapeleka mbele bila kuyachuja, na yalipofika mbele yalikuwa yamechujwa. Wote hao walishauri. Hakuna hata kundi moja lililokabidhiwa funguo za hazina.

Sisi wenyewe tulikuwa na kitu cha jinsi hiyo. Hadi mwaka 2007, kesi za mauaji katika Mahakama Kuu zilisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza watatu, ambao walitoa maoni yao mwishoni na jaji hakulazimika kuyafuata. Niliwaona wakisinzia baada ya chakula cha mchana. Niliwaona pia wakimtambua shahidi mwongo kwa namna alivyolitaja jina la mama mkwe wake, jambo ambalo mzungu hangeligundua na wakili wa mjini hakuligundua.

Zaidi ya hayo, Ibara ya 177 ya Katiba inasema mwakilishi huchaguliwa na wapiga kura wa wadi, na muundo wa ugatuzi ni miongoni mwa mambo ambayo Ibara ya 255 inataka yaidhinishwe kwa kura ya maamuzi. Mtakwenda kuomba kura ya sanduku ili muiue kura ya sanduku.

---

Mjukuu wa Mwanahisa (Njoro):

Mzee Karani amezungumza juu ya watakaookotwa. Mimi nataka kuzungumza juu ya aliyeshika karai.

Babu yangu alikuwa mwanahisa wa kampuni moja ya kununua mashamba katika miaka ya 1970, wakati mashamba ya walowezi huku kwetu yalipokuwa yakikatwa vipande. Siku ya ugawaji, wanahisa waliokota vikaratasi vya namba kutoka kwenye kofia. Babu aliokota chake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, akapata kipande kwenye mteremko wa mawe ambako hadi leo tunaanza msimu kwa mtaimbo kabla ya jembe. Baadaye sana ilikuja kujulikana kwamba namba za vipande vya chini, vilivyo karibu na mto, hazikuwa zimetiwa kwenye kofia ile. Bahati haikumdhulumu babu. Iligawa kwa haki kabisa kile ilichopewa kugawa.

Kwa hiyo kila nikisikia sifa za karai huuliza majina yametoka kwenye daftari gani na daftari lililala kwa nani. Tukitumia daftari la wapiga kura, lililokuwa na watu milioni 22 na kidogo mwaka 2022, tumemwacha nje kila kijana ambaye hakujiandikisha, na hao ndio wengi wa wale wanaolalamika kwamba hawasikilizwi. Tukitumia orodha ya mzee wa kijiji, basi tumerudi kwenye kofia ya babu.

Waathene hawakumwamini mtu kushika kofia. Walichonga bamba la jiwe lenye safu za vijitundu, na kila mwananchi aliyetaka kuwa mwamuzi wa mahakama alikuwa na kibati chenye jina lake kilichochomekwa humo. Ubavuni mwa jiwe palikuwa na mrija uliomiminiwa gololi nyeupe na nyeusi. Gololi moja ilidondoka kwa kila safu: nyeupe, safu nzima imeingia, nyeusi, safu nzima irudi nyumbani. Kila mtu aliliona jina lake likiwa pale kabla gololi haijatoka. Vipande vya mawe hayo vipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Agora, soko la kale la Athens. Sisi hatuhitaji jiwe. Orodha yenye namba ibandikwe ukutani wiki mbili kabla, anayeona jina lake halimo alalamike, kisha namba ziokotwe uwanjani mchana kweupe.

Na yule mzee wa mtaa aliyemwita msichana mwenye dumu la maji, ambaye hakuwa na jamaa kwenye foleni, alikuwa na akili kuliko wakurugenzi wote wa kampuni ile.

---

Pikipiki ya Mtu (Kondele, Kisumu):

Mimi ni mwendeshaji wa boda boda, na pikipiki si yangu. Kila jioni sharti nimpelekee mwenyewe kiasi tulichokubaliana, mvua inyeshe isinyeshe. Mkiniokota niende kusoma kitabu kinene cha Mzee Karani kwa wiki mbili, mwenye pikipiki atamwokota nani? Nitakataa, atakataa mama wa mboga, atakataa fundi wa mjengo, na mwishowe mtabaki na walimu waliostaafu na watoto wa matajiri, kisha mtasema bahati imechagua.

---

Jirani wa Mlima (Bungoma):

Kabla hatujasema kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye posho, tutazame upande wa pili wa Mlima Elgon. Wilaya ya Bududa, Uganda, ilipata maporomoko makubwa ya udongo mnamo Machi 2010 yaliyoua watu wengi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaokota wakazi wa Bududa, na wengine wa Butaleja, kwa sampuli iliyochukuliwa vijijini. Waliwahoji majumbani kwao, wakawaleta pamoja, wakawagawa katika vikundi vidogo vilivyozungumza lugha zao, wakawapa nafasi ya kuwauliza wataalamu maswali kuhusu kuhamishwa kutoka milimani na wingi wa watu kwenye ardhi ndogo, kisha wakawahoji upya. Kwa kuwa wengi hawakuwa wasomaji, maelezo yaliandaliwa kwa video badala ya vitabu. Mzee Karani, zingatia hilo: kitabu kinene si lazima kiwe kitabu.

Sasa linganisha na vikao vyetu vya kushirikisha umma, ambavyo Ibara ya 196 inalitaka kila bunge la kaunti livifanye. Nilihudhuria kimoja, katika kaunti ambayo sitaitaja. Saa nne asubuhi matatu mbili ziliwaleta vijana waliovaa fulana za rangi moja. Walishangilia kifungu cha tatu kabla hakijasomwa. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, soda zikafuata, na saa saba ukumbi ulikuwa na watu wasiozidi 15, wakiwemo wawili wa kupanga viti. Katika taarifa iliyoandikwa, umma ulikuwa umeshirikishwa.

Katiba haisemi umma huo upatikane vipi. Hapo ndipo ningelipeleka karai kwanza, na viti vya bunge ningeviacha vilipo.

---

Mkazi wa Bahati (Nakuru):

Nimeshindwa nusu, na sioni haya kukiri. Nilikuja na swali la viti vya bunge, na Mzee Karani ameniwekea mbele mtu ambaye sikuwa nimemfikiria, yeye mwenyewe.

Nilifuate basi wazo la Jirani wa Mlima. Tuseme katika kila wadi tunaokota watu 24, wanaume 12 na wanawake 12, kutoka kwenye orodha iliyobandikwa ukutani kama alivyoshauri Mjukuu wa Mwanahisa, nao wanakaa na mapendekezo ya bajeti ya wadi yao kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili, siku moja kwa wiki. Wanalipwa ujira wa kutwa usiopungua wa kibarua wa mjini. Pericles alianzisha malipo kwa waamuzi wa mahakama za Athens, kwa sababu hata wao walikuwa na wenye pikipiki wao. Kila mwaka 12 wanatoka na 12 wanabaki, ili wageni wamkute mtu anayejua kuuliza lile swali la pili. Hawapitishi bajeti. Wanaandika wanachokubali, wanachokataa na sababu zao, na mwakilishi aliyechaguliwa analazimika kuwajibu kwa maandishi kabla ya bunge kupiga kura. Akiwapuuza, maandishi hayo yatamsubiri kwenye ile siku yake ya magoti. Mwalimu atasema sijaweka sifa. Kweli, sijaweka, kwa sababu naogopa nikianza kuziweka, atakayeziandika ni yule aliyeshika kofia.

Lakini Mzee Karani, naomba unijibu kwa uaminifu kitu kimoja. Watu hao 24 wakiingia ofisini kwako siku ya kwanza, ungewapa kitabu cha mwaka jana pamoja na cha mwaka huu, au ungengoja wakiombe?

---

Karani Mstaafu (Kisumu):

Ningengoja wakiombe, na wakikiomba ningewaambia kiko kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Andikeni kwenye kanuni zenu kwamba kitabu cha mwaka jana kitatolewa kwanza, siku 14 kabla ya kikao, na kwamba nakala moja itakaa kwa chifu, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kuniomba ruhusa.